Madam na Kilima cha Mama Mkubwa

Kwa miaka saba nilimwita Madam, na hata leo ulimi wangu unakataa kumwita jina jingine, ingawa yapo yanayomfaa zaidi. Alikuwa amefundisha baiolojia sekondari mpaka akastaafu, na ukitembea naye Iringa mjini ungedhani nusu ya watu wazima wa pale walipita mikononi mwake. Mimi sikupita. Niliishia darasa la saba, nikajifunza useremala Mafinga, ndiyo maana naitwa Fundi, na Madam nilimkuta porini. Lakini nadhani nilikuwa mwanafunzi wake kuliko wengi aliowasahihishia madaftari.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema. Nitasema alivyotembea. Alifunga mikono nyuma ya mgongo na kutazama chini, hatua tatu mbele yake, kama mtu aliyedondosha sindano. Ungekuwa unamsimulia habari nzito, labda mtoto wako anaumwa, naye angesimama ghafla, akainama, akageuza jani kwa kidole, kisha akakwambia, "Endelea, nakusikia." Na kweli alikuwa amesikia. Siku moja tulikuwa kwenye mazishi ya mwenzetu, tunasindikiza jeneza. Madam alitoka kwenye mstari, akachuma mnafu uliostawi kando ya njia, akautia kwenye mkoba wake mweusi wa kanisani, akarudi kwenye mstari bila kukosa hata ubeti mmoja wa wimbo.

Kundi letu lilikutana wikiendi moja kila mwezi, kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili. Alilianzisha yeye. Tulikuwa watu kama ishirini kutoka Iringa, Mafinga na Mbeya: nesi wa zahanati, mhasibu wa halmashauri, mama mwenye duka la vitenge, wachungaji wawili wa Kilutheri, na wengine wa kuja na kuondoka. Tulikodi basi dogo la Costa, tukafika mahali Jumamosi asubuhi, tukalala kwenye hosteli ya kanisa au darasa la shule, na Jumapili jioni tukarudi na ndoo zetu. Tuliokota uyoga, tukachuma mboga za mlenda pori na mashona nguo, na msimu wa matunda tulitafuta misada na makusu. Jioni tulipika pamoja na kila mtu alieleza chakula chake alikijulia wapi.

Mke wangu alinicheka. Alisema mtu mzima unalipa nauli kwenda kuokota vitu ambavyo bibi zetu waliviokota kwa sababu hawakuwa na nauli. Nilipompelekea Madam maneno hayo, alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Mwambie bibi zetu hawakuwa maskini wa akili. Sisi ndio tumefilisika."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, na sisi tuliibeba kama maandiko. "Pori halina mlinzi ila adabu." "Ukiona kingi, chukua kidogo. Ukiona kimoja, salimia upite." Aliirudia kila safari. Mgeni akijaza ndoo mpaka juu, Madam hakumkaripia. Alimwita pembeni, akamwomba amweleze atakula lini uyoga wote ule, kwa siku, Jumatatu kiasi gani, Jumanne kiasi gani. Mgeni alifika Jumatano akaanza kuupunguza mwenyewe.

Alijua kazi yake, hilo simnyimi. Mwaka wangu wa pili tulikwenda kwenye miombo upande wa magharibi wa Mafinga, mbali na misonobari. Mama wa duka la vitenge alirudi amefurahi, ana uyoga mweupe mzuri, mkubwa kama sahani, na wote tulimpongeza kwamba amepata uyoga wa kichuguu. Madam aliuangalia, akamwuliza ameukata au ameung'oa. Ameukata. Akamwomba ampeleke alikoukatia. Tulikwenda wote nyuma yao. Madam alipiga magoti, akachimba kwa vidole pale penye kisiki cha ule uyoga, akatoa kitako chake. Kilikuwa kimevimba, kimekaa ndani ya mfuko mweupe kama yai lililovunjika. "Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka kwenye nyumba ya mchwa," alisema. "Huu umevaa soksi. Uyoga haujulikani kwa kofia, unajulikana kwa mguu." Alimwaga ndoo nzima, na vyote vilivyogusana na uyoga ule, akamwosha mama yule mikono kwa maji yake ya kunywa. Mama wa vitenge alikuwa na watoto wanne nyumbani. Tangu siku hiyo, Madam angemwambia aruke kutoka juu ya jabali la Gangilonga pale Iringa, angeruka.

Kitu cha kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe hakula uyoga. Alisema tumbo lake haliupendi. Sisi tukiramba vidole kuzunguka sufuria, yeye alikaa pembeni na mkate na chai ya maziwa. Kama kulikuwa na kijiwe cha chipsi karibu, alituma aletewe chipsi mayai, akala kwa raha zote mbele ya watu aliotoka kuwahubiria ubaya wa mafuta. Tulimpenda kwa hilo. Tuliona ni mtu.

Jingine tuliliona na hatukulifikiria. Alitutaka kila mmoja atoe mahali pake. Alisema maarifa yanayofichwa yanaoza, na kila mwanachama alipaswa, mara moja kwa mwaka, kulipeleka kundi mahali ambapo bibi yake alichuma au alichimba kitu. Nesi alitupeleka kwao Kilolo. Mchungaji mmoja alitupeleka Usangu, kwa rafiki zake wafugaji. Madam aliandika yote kwenye daftari lenye jalada la kijani, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima na kila "t" imewekewa msalaba mrefu. Alichora njia, mto, mti mkubwa. Lakini kwa miaka yote saba sikuwahi kuona mahali pake yeye. Ukimwuliza alisema, "Kwangu pamelimwa mahindi." Tukamsikitikia.

Namna alivyonitendea mimi ndiyo inayonisumbua ninapomwandika. Mwaka wa tatu wa kundi, msumeno wa mashine ulinikata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, mpaka kwenye kifundo cha pili. Nililala hospitali majuma matano. Ndugu zangu walikuja, walilia, wakarudi kwenye shughuli zao. Madam alikuja kila Jumamosi, kwa basi kutoka Iringa, akiwa na majani kwenye mfuko. Alinifunga macho kwa mtandio wake na kunipa jani kwenye mkono wa kushoto, nilitambue kwa kulipapasa na kunusa. Nikikosea alinirudishia. Nilimwambia kwamba mkono huo hauna akili. "Haujafundishwa tu," alisema. Nilitoka hospitali nikijua majani arobaini kwa mkono ambao zamani ulijua kushika ubao tu, na nadhani ndiyo sababu nilirudi kwenye randa badala ya kurudi kwenye pombe. Kwa hiyo watu niliowasimulia haya wanaponiambia kwamba yule alikuwa tapeli tangu mwanzo, nanyamaza. Tapeli gani anapanda basi majuma matano?

Hata hivyo nilipopona nilidhani nina deni kwake, na nilitafuta namna ya kulilipa. Nikampa kilima cha Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Aliishi juu kabisa Uporoto, huko ukipanda kutoka Uyole mpaka masikio yanaziba, kwenye viazi na pareto na ukungu usioisha. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na likizo zote za utotoni nilikaa kwa Mama Mkubwa. Bibi yetu aliolewa pale akitokea upande wa Mbozi, na alikuja na mapishi ya kwao. Kwenye mteremko nyuma ya kijiji hakuna miti, ni majani tu, na mvua zikikolea yanatoka maua mengi, ya waridi, ya manjano, mengine meupe yenye madoa. Chini ya kila ua kuna viazi viwili vidogo, mfano wa kidole gumba, kimoja kimesinyaa na kimoja kimejaa. Hivyo tunaviita vikande. Vikikaushwa na kutwangwa, vikapikwa na karanga na magadi, vinashikana vinakuwa kama mkate mzito. Unakata vipande. Ladha yake siwezi kuieleza kwa mtu asiyekula.

Mteremko ule ulikuwa wa kijiji, lakini wanawake walimwachia Mama Mkubwa aseme siku. Hakuna aliyechimba mpaka maua yakauke na mbegu zipeperuke. Na ulipochimba, uliacha eneo moja lipumzike mwaka mzima. Watu wa kununua walikuwa wakipita vijiji vya jirani na magunia, wanavipeleka ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, ambako vinatafutwa sana, na huko jirani milima ilikuwa imebaki mashimo matupu. Kwetu hawakupajua. Barabara ilikuwa mbaya na Mama Mkubwa alikuwa hasemi.

Nilimwomba ruhusa kwa simu, mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Kama ni huyo mama aliyekukalia hospitali, mlete. Nimpe hata mkono."

Tulifika Februari, watu kumi na wanane, tumetetemeka njia nzima nyuma ya lori la viazi kwa sababu Costa ilikataa kupanda. Maua yalikuwa yamefunguka. Sijawahi kuwaona watu wale wamenyamaza vile. Mhasibu wa halmashauri, ambaye hakuacha kuongea hata akiwa anatafuna, alivua kofia. Madam alipiga magoti akagusa ua moja, na nilipomtazama nikaona machozi. Niliyaona kwa macho yangu. Alimwambia Mama Mkubwa kwamba katika maisha yake yote ya kufundisha alikuwa akichora maua haya ubaoni kwa chaki na hakujua kama yapo mengi hivi mahali popote duniani.

Jioni Mama Mkubwa alipika vikande, akiba yake ya mwaka uliopita. Madam, yule asiyekula uyoga, alikula vipande vitatu. Walikaa jikoni wawili hao mpaka tukawaacha. Asubuhi ya Jumapili Madam alizunguka mteremko wote peke yake kabla ya chai, na daftari lake. Alipoaga alimwinamia Mama Mkubwa akamshika mikono yote miwili, akamwahidi kwamba mahali pale pangebaki ndani ya mioyo ya watu kumi na wanane tu. Mama Mkubwa alinivuta pembeni akasema nimepata mama mwingine, na yeye sasa hata akifa hana wasiwasi.

Mwezi wa nne, maua mengi yakiwa bado hayajamwaga mbegu, walikuja watu na pikapu mbili. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mazishi upande wa pili wa mlima. Waliingia mapema asubuhi wakiwa na majembe na magunia, na hawakubabaika kutafuta. Walikwenda moja kwa moja kwenye eneo lililokuwa limepumzishwa, ambalo mtu wa kupita tu asingelijua, wakachimba kutoka juu kushuka chini. Watu walipotoka mazishini mteremko ulikuwa mweusi. Walimkamata mchimbaji mmoja tu, aliyechelewa kurukia gari. Walipomwuliza nani aliwaelekeza, alisema, "Ni kundi la Fundi, yule wa Mafinga."

Nilipigiwa simu niko kazini. Sikuelewa. Nilipanda basi siku hiyohiyo, na nilipofika kwa Mama Mkubwa nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, miguu imejaa udongo mpaka magotini. Alikuwa ametoka kwenye mashimo, akitafuta vilivyosazwa avifukie. Nilipiga magoti kumsalimia. Aliitikia, kisha akasema polepole:

"Mwanangu, sikuulizi. Nikikuuliza unaweza kunidanganya, na mimi sitaki uongo wako wa kwanza kwangu uwe huu."

Nilimwapia kwamba si mimi. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Uliitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alitaka kiongozi wa kundi aje, na mimi nilifurahi. Nilijua Madam akisimama atasema, kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba Fundi anamjua na Fundi hawezi. Nilimpokea mwenyewe kituoni. Alikuwa amevaa suti ya bluu. Njiani alinishika bega akasema, "Nyamaza tu, Fundi. Niachie mimi."

Nikamwachia. Alisimama mbele ya watu akaongea kwa muda mrefu juu ya udongo, vyanzo vya maji na vizazi vijavyo, na watu walimsikiliza, maana alijua kuongea. Kisha Mwenyekiti akamwuliza wazi kama anaweza kusema nani ndani ya kundi lake aliyewaleta wale watu. Madam alinitazama. Halafu akawatazama watu.

"Mimi siwezi kumshtaki mtu," alisema. "Mwenyeji wa mahali hapa ndani ya kundi letu ni mmoja tu, na dhamiri yake anaijua Mungu."

Akakaa. Mama mmoja aliyekuwa kanibeba mgongoni nilipokuwa mtoto aliinuka, akachukua kigoda chake, akahama kutoka upande niliokaa. Mkutano uliamua nisikanyage tena mteremko ule wala nisilale kijijini, na Mama Mkubwa aondolewe kwenye kusema siku, kwa kuwa ndiye aliyefungua mlango. Alikubali kwa kuinamisha kichwa.

Njiani kurudi nilimwuliza Madam kwa nini amesema vile. Alisema alitumia maneno laini ili wasinipeleke polisi, na kwamba siku moja nitamshukuru. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nilimshukuru palepale. Nilidhani amekosea kuchagua maneno. Nikaendelea kwenda kwenye kundi kwa mwaka mmoja zaidi, ingawa wenzangu walianza kuongea polepole nikikaribia. Madam alikuwa akiniwekea nafasi karibu naye kwenye gari. Wote waliona ni huruma.

Mama Mkubwa alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa sita, kwa kifua. Niliruhusiwa kuja kuzika. Jeneza nilikuwa nimelitengeneza mimi, kwa mninga, nikalipeleka na gari la mbao, na walilipokea. Lakini wakati wa kutupia udongo, watoto wa marehemu walipoitwa, jina langu halikutajwa. Nilisimama nyuma na madereva.

Ilikuwa miezi mitatu baada ya hapo ndipo nilipojua. Nilikuwa nimepeleka milango ya nyumba ya wageni Chimala, na mchana niliingia kwa mama lishe kula wali. Jirani yangu mezani alikuwa dereva wa pikapu, mtu mcheshi, mwenye maneno. Aliutazama mkono wangu nikila kwa kijiko, akauliza kama mimi ndiye Fundi wa vidole, wa Mafinga. Nikamwuliza amenijuaje.

"Kwa yule mama mwalimu wa Iringa," alisema. "Mbona tumefanya naye kazi miaka mingi? Anatuonyesha milima. Alituambia kule Uporoto tukikamatwa tuseme kundi la Fundi, kwamba wewe ni mtoto wa pale, mtayamaliza kifamilia."

Hakuwa na ubaya. Alidhani nilikuwa najua, kwamba nami ni mwenzao. Alinitolea simu anionyeshe picha ya ramani aliyopewa, na akaisifia jinsi ilivyochorwa. Niliona kilima cha Mama Mkubwa, kisima, njia ya ng'ombe, na eneo lililopumzishwa limezungushiwa duara. Chini yake palikuwa pameandikwa "hapa bado tele", na "t" ya "tele" ina msalaba mrefu. Nilimrudishia simu. Nikanawa mkono. Nilikaa kwenye gari langu nje ya mgahawa mpaka mama lishe akaja kuuliza kama chakula kimenidhuru.

Nilianza kuhesabu kurudi nyuma. Kilolo kwa kina nesi, ambako mwaka uliofuata tuliambiwa nguruwe pori wamefukua. Mlima wa kwao mhasibu, alikotupeleka zamu yake ilipofika. Kila mahali penye kitu cha kuchimbwa tulipompeleka, palikuja kufukuliwa, na kila mara Madam alisikitika kuliko wote. Uyoga na mboga, ambavyo havina mnunuzi ng'ambo, aliviacha salama na kutufundisha adabu yake.

Nilimpigia Mwenyekiti wa kijiji nikamweleza. Alinisikiliza vizuri. Akasema maneno ya dereva wa Chimala kwa mama lishe hawezi kuyapeleka mbele ya mkutano, na dereva mwenyewe nilipomrudia alikana hata kunijua. "Mlete mwenye kauli aseme mwenyewe," Mwenyekiti aliniambia. "Hata kwa simu. Nitaitisha watu waje wasikie, na neno lako litarudi."

Nilikaa na jambo hilo miezi mingi bila kwenda kwa Madam. Nilijitoa kwenye kundi, nikasema kazi zimekuwa nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa akikana nitamwamini.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nesi alinipa habari kwamba Madam amepata kiharusi, upande wa kushoto umelala, na anauliza kila siku kwa nini Fundi haji. Nikaenda siku ya Alhamisi, mchana, peke yangu. Mpwa wake wa kike ndiye aliyenifungulia. Madam alikuwa amekalishwa kwenye kochi la sebuleni na mito pande zote, mdomo umepinda kidogo, lakini maneno yalikuwa yakitoka. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba akaanza kulia, na mimi nikaona huruma, nusura nirudi nyumbani bila kusema kitu. Mpwa wake alipokwenda jikoni kuchemsha chai, nikamwambia kwamba nilikutana na dereva Chimala.

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana.

"Niliwaambia wachukue nusu," alisema. "Hawakunisikiliza."

Nikamwuliza kwa nini mimi. Alikuwa na watu ishirini wa kuwasingizia.

"Kwa sababu wewe ulikuwa unapendwa kule. Nilijua watakusamehe. Mimi ni mtu wa kuja, nani angenisamehe?"

Nikamwambia hawakunisamehe. Nikamwambia Mama Mkubwa amekufa bila kuniuliza hata swali moja. Madam alitazama mkono wake uliolala, akauvuta kwa ule mzima akauweka pajani.

"Mimi aliniuliza," alisema.

Sikumwelewa. Akaeleza. Wiki moja baada ya mkutano, Mama Mkubwa alikwenda kwa jirani aliyekuwa na namba ya Madam, akaomba ampigie. Hakusalimia. Alisema, mwalimu, mimi ni mzee, sitakushtaki popote, niambie tu ukweli, ni wewe au ni mwanangu.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, ni mwanao."

Nje kulikuwa na watu wanapita wanacheka. Nilisikia birika jikoni. Nilitoa simu mfukoni nikampigia Mwenyekiti, nikaweka sauti ya nje, nikamsogezea Madam karibu na mdomo. Nilimwambia sihitaji kingine kwake. Aseme yale aliyoniambia mimi, maneno manne tu, hata kama Mwenyekiti yuko shambani peke yake. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kochi, nimeishika simu kwa mikono yote miwili.

"Haloo," Mwenyekiti alisema. "Fundi?"

Madam aliniangalia. Alikuwa na macho yaleyale aliyonitazama nayo kwenye mkutano, na hapo nikajua.

"Mwenyekiti, ni mimi mwalimu," alisema, kwa sauti nzuri kabisa, karibu ile ya zamani. "Habari za huko? Mvua zimekuja?"

Mwenyekiti alishtuka kidogo, akamwamkia. Akamwambia zimekuja, viazi vinaendelea vizuri, ila ukungu ni mwingi. Madam akasema ukungu wa huko anaukumbuka. Akamwuliza hali ya watoto. Mwenyekiti akasubiri. Nilimsikia akisubiri, alijua kwa nini amepigiwa kwa simu yangu.

"Nilikuwa nawasalimia tu," Madam alisema.

Nikakata simu. Nikasimama, magoti yananiuma. Mpwa wake aliingia na chai kwenye sinia, akauliza kama ninatumia sukari, nikamwambia sitakunywa. Nilikuwa nimefika mlangoni, nimevaa kiatu kimoja, Madam aliponiita, "Fundi." Akaniomba nimfungie dirisha, upepo unampiga upande wa ugonjwa.

Nikarudi nikalifunga, maana ndivyo Mama Mkubwa alivyonilea. Kisha nikatoka bila kuaga.